Kusimama Karibu na Kisafina

Mazungumzo ya redioni kwa wazazi wa mapacha waliozaliwa kabla ya siku zao. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasikilizaji walioomba kuyasoma.

Somo: Kutoka 2:1-10

 

Leo twataka kusema na watu ambao hutajwa mara chache katika mahubiri. Ni wazazi waliokwenda hospitali kungoja mtoto, wakazaliwa wawili au watatu, tena kabla ya siku zao, na sasa watoto hao wamelala nasari katika masanduku ya kioo, huku mama akirudi kitandani mikono mitupu. Kama wewe si mmoja wao, tafadhali usizime redio. Pengine jirani yako ni mmoja wao, nawe utahitaji kujua la kumfanyia.

Twalijua sana somo letu. Mama mmoja wa Kiebrania hakuweza tena kumficha mwanawe. Alimfanyia kisafina, akakipaka lami, akamweka mtoto ndani, akakiacha katika majani kando ya mto. Dada ya mtoto alisimama mbali kidogo, apate kuona mwisho wa jambo lile. Wengi wetu tulipofundishwa habari hii katika shule ya Jumapili tulimkumbuka Musa na binti Farao. Twaomba leo mmkumbuke huyo dada aliyesimama kando, na mama aliyebaki nyumbani na matiti yaliyojaa maziwa.

Sisi tunaosema nanyi tulisimama mahali pale miaka kumi na moja iliyopita. Mimba ilikuwa ya majuma 30. Tulijua kwamba watoto ni watatu, kwa maana daktari alikuwa amewaona katika picha. Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, baridi ya Mau ikiwa imeshuka mpaka bondeni, uchungu ulianza. Kabla ya mapambazuko watoto walikuwa wamezaliwa: mvulana wa kilo 1.4, mvulana wa kilo 1.3, na msichana wa gramu 950. Tulisikia kilio kimoja tu, chembamba kama cha paka mchanga. Wauguzi wakapita mbele yetu mbio, na mlango wa nasari ukafungwa.

Asubuhi ile watu walitupigia simu wakauliza, "Mchungaji, tuje na vigelegele au tuje kuomba?" Hatukujua la kuwajibu.

Je, kwa nini mapacha huja mapema? Wataalamu husema kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 37 kutimia amezaliwa kabla ya wakati. Si jambo la ajabu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo ulimwenguni, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Kwa mapacha jambo hili hutokea zaidi, kwa sababu tumbo la uzazi hutanuka kupita kiasi, na mwili wa mama huelemewa na mzigo wa wawili au watatu. Mapacha watatu karibu wote huzaliwa kabla ya wakati.

Tunalisema hili polepole kwa sababu ya akina mama. Katika siku za kwanza mama hujiuliza maswali usiku kucha. Je, ni ule mtungi wa maji niliobeba? Je, ni ugomvi wa siku ile na mama mkwe? Je, kuna mtu aliyenitazama kwa jicho baya? Zamani, katika baadhi ya makabila yetu, mapacha waliogopwa na mama yao alitengwa na watu. Kwingine walipokewa kwa heshima, kila mmoja akapewa jina lake: Opiyo na Odongo kwa Wajaluo, Wasswa na Kato kwa Waganda, Kulwa na Doto kwa Wasukuma. Bwana wetu alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, alikataa kumtwika lawama yule mtu wala wazazi wake (Yohana 9). Basi, mama, usijitwike mzigo ambao Bwana hakukutwika.

Sasa tuingie ndani ya nasari, maana kinachoogopesha zaidi ni kile tusichokielewa.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni sanduku la joto, liitwalo inkubeta. Mtoto wa majuma 30 hajapata bado yale mafuta ya chini ya ngozi ambayo hujengeka katika majuma ya mwisho ya mimba. Mwili wake hupoteza joto upesi, na baridi peke yake yaweza kumwua. Ninyi mnaofuga kuku huko Njoro na Bahati mnalijua jambo hili, kwa maana mmewasha taa usiku kwa ajili ya vifaranga wa siku moja. Hata sanduku lenyewe lilianzia kwa kuku. Daktari Stéphane Tarnier wa Paris aliona mashine ya kuangulia mayai katika bustani ya wanyama, akaomba atengenezewe kama ile kwa ajili ya watoto, na mwaka 1880 ikaanza kutumika katika hospitali yake ya uzazi. Kwa hiyo usilitazame sanduku lile kama jeneza. Ni kisafina kilichopakwa lami ili maji yasiingie.

Kitu cha pili ni pumzi. Mapafu ya mtoto wa namna hii hukosa utelezi fulani unaozuia vifuko vya hewa visigandamane, kwa hiyo kila pumzi huwa kazi nzito, na utaona mbavu zikiingia ndani. Mwaka 1963 Rais Kennedy wa Marekani alizaliwa mtoto wa kiume, Patrick, majuma matano na nusu kabla ya siku zake, mwenye uzito wa kilo 2.1. Alikufa siku mbili baadaye kwa shida hii hii ya mapafu. Mali yote ya taifa lile haikuweza kumponya, kwa sababu maarifa yalikuwa bado hayajapatikana. Leo mtoto mdogo kuliko yule huweza kupona hapa kwetu. Mwaka 1972 madaktari wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, walionyesha kwamba mama akidungwa sindano fulani kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto hukomaa upesi zaidi. Na baada ya kuzaliwa, mtoto huweza kuwekewa mrija puani unaosukuma hewa kwa upole, ambao mwisho wake umetumbukizwa katika chupa ya maji. Ukiona chupa inatokota mapovu kando ya sanduku, usishtuke. Mapovu yale ni dalili kwamba hewa inasukumwa kama ipasavyo.

Mara nyingine mtoto husahau kupumua. Ubongo wake bado ni mchanga, hata huacha pumzi kwa sekunde kadhaa, na kengele ya mashine hulia. Muuguzi huja akamgusa mguu, naye hukumbuka. Wengine hupewa dawa ya kafeini, kitu kile kile kilichomo katika kahawa, ili ubongo usisinzie.

Utaona pia taa za rangi ya samawati na mtoto amefunikwa macho. Hizo ni za kuondoa umanjano wa ngozi na macho. Maarifa haya yalitokana na muuguzi mmoja, Jean Ward, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza. Katika miaka ya 1950 alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wapate jua, akaona kwamba sehemu ya ngozi iliyoguswa na jua ilipoteza umanjano. Madaktari walichunguza jambo lile, wakatengeneza taa.

Tena kuna mizani. Kila asubuhi mtoto hupimwa, na katika siku za kwanza uzito hushuka. Sisi tulipoambiwa kwamba yule wa kilo 1.3 sasa ni kilo 1.2 tulidhani anatutoka. Haikuwa hivyo. Karibu kila mtoto mchanga hupungua kwanza kwa sababu ya maji ya mwili, na aliyezaliwa kabla ya siku zake huweza kuchukua hata majuma mawili kurudia uzito aliozaliwa nao. Ukiwa na watoto wawili au watatu kuna jaribu jingine: kuwalinganisha. Leo huyu amepanda, yule ameshuka. Kila mmoja ana safari yake. Mwulize muuguzi habari za kila mtoto peke yake, ukaziandike katika daftari, kwa maana kichwa chenye usingizi huchanganya.

Basi, tumeona kazi ya mashine, na kazi ya wauguzi na madaktari. Sasa tunafika kwenye jambo tulilokuja kuwaambia leo. Mzazi naye ana kazi ndani ya chumba kile, na kazi hiyo ni sehemu ya matibabu. Hakuna mtu mwingine awezaye kuifanya mahali pake.

Kazi ya kwanza ni mikono safi. Mtoto wa namna hii hana nguvu za kushindana na vijidudu. Vua saa, pete na bangili, nawa kwa sabuni mpaka viwiko, na ukitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa pacha mwenzake, safisha mikono tena. Mwenye mafua asiingie, hata akiwa askofu.

Kazi ya pili ni maziwa. Yale ya kwanza, ya rangi ya manjano, ambayo wazee waliyaita dang'a, ni machache lakini yana kinga nyingi. Mtoto wa kilo 1.2 hawezi bado kunyonya, naye huanza kwa mililita chache tu kupitia mrija mwembamba. Mililita mbili ni chini ya nusu ya kijiko cha chai. Mama huona aibu kupeleka matone machache yaliyo chini ya kikombe. Usione haya, mama. Kamua mapema iwezekanavyo baada ya kujifungua, kisha kila baada ya saa tatu hivi, mara nane katika mchana na usiku, wala usiruke saa za usiku. Maziwa hufuata mahitaji: jinsi unavyokamua ndivyo yanavyoongezeka, na mwili wa mama huweza kuwatosha wawili, hata watatu. Kwa wale ambao mama zao hawawezi, nchi yetu imeanza njia nyingine. Mwaka 2019 benki ya kwanza ya maziwa ya mama hapa Kenya ilifunguliwa katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi.

Hapa turudi kidogo kwenye somo. Yule dada hakuendelea kusimama mbali. Alimkaribia binti Farao, akasema naye, akaenda kumwita mama. Mama akampokea mwanawe mwenyewe amnyonyeshe, na akalipwa mshahara juu yake. Mtoto alikuwa chini ya ulinzi wa jumba la mfalme, lakini uhai wake ulitegemea titi la mama yake. Ndivyo ilivyo nasari. Jumba ni la wakubwa, mashine ni zao, lakini maziwa ni yako.

Kazi ya tatu ni sauti na mkono. Mtoto wa majuma 30 anasikia, naye anaijua sauti ya mama yake tangu tumboni. Sema naye polepole. Imba kwa sauti ya chini. Muuguzi akikuruhusu kumgusa, usimpapase, maana ngozi yake ni laini na kupapaswa humchosha. Weka mkono mmoja kichwani na mwingine miguuni, uutulize pale, kama tumbo la uzazi lilivyokuwa limemzunguka.

Kazi ya nne ni kifua. Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Colombia, Daktari Edgar Rey alikuwa na watoto wengi kuliko masanduku. Walilazwa wawili au watatu pamoja, wakaambukizana maradhi. Akafikiri juu ya kangaruu, mnyama ambaye mtoto wake huzaliwa mchanga mno, akakulia katika mfuko wa mama. Akawafundisha akina mama kuwabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Njia hiyo iliyozaliwa katika upungufu imekubaliwa sasa hata katika nchi tajiri.

Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto sharti kwanza apate nguvu ndani ya sanduku ndipo abebwe kifuani. Sisi wenyewe tulingoja mpaka siku ya tisa. Lakini mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na majirani zetu Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wale waliongoja sanduku kwanza, katika kila 100 walikufa karibu 16. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, huku wakiendelea kutibiwa, walikufa 12. Tofauti ilikuwa wazi hata uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati, ili watoto wote wapewe njia hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto waliozaliwa kabla ya siku zao au wenye uzito mdogo waanze kubebwa hivyo mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa wale walio na shida kubwa ya pumzi au mshtuko wa mwili. Basi mwulize muuguzi wako bila woga: "Je, wangu aweza kuanza lini?"

Sasa piga hesabu. Watoto ni wawili au watatu, siku ina saa 24, na mama ni mmoja, tena pengine amepasuliwa. Mapacha wawili huweza kubebwa kifuani pamoja, lakini mama naye lazima ale na alale. Hapo ndipo baba anapohitajika, kwa maana kifua cha baba kina joto kama cha mama. Nyanya, shangazi na dada wanaweza pia, wakiruhusiwa na kufundishwa.

Na hapa, ndugu wasikilizaji, hatuna budi kutubu mbele yenu. Siku mbili za kwanza sisi, baba wa watoto wale, tulikuwa na kazi nyingi mno za parishi. Tulikwenda kuzika huko Bahati. Tuliketi katika kamati ya ujenzi. Watu walitusifu wakisema, "Mtazameni mchungaji, hata katika dhiki hakuacha kazi ya Bwana." Ukweli ni kwamba tuliogopa. Tulimwona yule msichana mara moja kupitia kioo, mkono wake ukiwa mwembamba kama kidole chetu, tukaogopa kumpenda mtoto ambaye huenda tungemzika Jumamosi. Tulisimama mbali, tukauita umbali ule utumishi.

Usiku wa pili muuguzi wa zamu, mwanamke mtu mzima, alitukuta mlangoni. Alisema, "Mchungaji, huyu mdogo amepumua siku mbili bila kusikia sauti ya baba yake. Njoo unawe mikono." Tukanawa. Tukapitisha mkono katika tundu la sanduku. Yule mtoto akakishika kidole chetu kwa mkono wake wote.

Hatukuondoka pale mpaka alfajiri.

Siku ya tano mapafu yake yalichoka. Muuguzi alitwambia mapema, kwa upole na bila kuficha. Tulimbatiza kwa tone la maji safi ya uvuguvugu, kwa jina la nyanya yake, katika jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Wajue wazazi wote kwamba, kwa desturi ya Kanisa, mtoto akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote aliyebatizwa, hata muuguzi, aweza kumbatiza kwa maji na kwa Jina hilo la Utatu. Akipona, ataletwa kanisani apokewe na jamaa ya waumini. Na kama alikufa kabla ya maji kufika, msiteseke moyoni. Bwana aliyewaita watoto wadogo waje kwake hakuuliza kwanza kama wana cheti.

Waliondoa mirija, wakampa mama yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyombeba kifuani, na ndiyo mara ya mwisho. Alikuwa na saa moja hivi. Ilipofika saa tisa ilikuwa saa ya maziwa ya wale wawili. Mama watoto alipanga vikombe mezani kama alivyozoea, akaona kwamba amepanga vitatu. Akakiondoa kimoja, akakaa, akakamua huku analia.

Tumehubiri mara nyingi juu ya imani. Hatujapata kuiona wazi kuliko saa ile.

Kwa wazazi mliopita hapo, twasema hivi. Moyo wenu utavutwa huku na huku. Mtafurahi kwamba mmoja ameongeza gramu 20, na papo hapo mtaona hatia kwa kufurahi. Mtaogopa kwenda nasari kwa kuwa kuna sanduku moja tupu. Nendeni. Kumlilia aliyekwenda si kumnyima aliyebaki, na kumfurahia aliyebaki si kumsahau aliyekwenda. Mtu akiwauliza mna watoto wangapi, hesabuni wote. Sisi husema watatu: wawili wako Gredi ya tano, na mmoja yuko kwa Bwana.

Kwa waumini na majirani, tuna maneno machache.

Kwanza, msiseme, "Mshukuruni Mungu mmebakiwa na wengine." Hakuna mtoto aliye akiba ya mwenzake. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye kimya. Walikosea walipofungua vinywa.

Pili, msijae hospitalini kundi zima la akina mama na vikapu. Nasari hairuhusu, na mama amechoka. Mmoja alete uji na chakula cha moto. Mwingine awachunge watoto waliobaki nyumbani. Mwingine afue shuka. Aliye na gari amlete nyanya kutoka Subukia au Elburgon, ili kifua cha tatu kipatikane. Hospitali kuu ya rufaa hapa Nakuru, yenye jengo la mama na mtoto liitwalo kwa jina la Margaret Kenyatta, hupokea akina mama kutoka kaunti za jirani pia, na wengine hawana ndugu hata mmoja mjini. Makanisa yaliyo karibu hayana kisingizio.

Tatu, kumbukeni gharama. Watoto hawa hukaa hospitali majuma mengi. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa NHIF. Mwanamke mja mzito na mumewe wajiandikishe mapema, na watoto wakizaliwa, baba aulize ofisi ya hospitali siku ile ile jinsi ya kuwaandikisha. Mchango wa kanisa uje wakati wa haja, usingoje mazishi.

Nne, watoto wakitoka hospitali, msiwapitishe mikononi mwa kila mtu Jumapili ya kwanza. Wala msiulize, "Mbona hajakaa? Mbona hajatambaa?" Mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya siku zake huhesabiwa umri, katika mambo ya kukua, tangu siku aliyopaswa kuzaliwa. Mpeni muda wake.

Ndugu mzazi unayesikiliza jioni hii, pengine uko kwenye benchi nje ya nasari na redio ndogo ya simu. Unajiona huna faida. Madaktari wanaenda na kurudi, nawe umekaa tu. Tunakuambia kwamba hukukaa bure. Musa alihitaji jumba la Farao, na alihitaji pia dada aliyethubutu kusogea, na mama aliyekuja alipoitwa. Mungu aliwatumia wote. Basi inuka, unawe mikono, uingie. Mwite mtoto kwa jina lake, kila mmoja kwa lake. Mpende leo, hata kama hujui ya kesho. Sisi tuliochelewa siku mbili twakusihi usichelewe.

Natuombe.

Ee Bwana, uliyetujua kabla hatujazaliwa, uwaangalie watoto waliolala katika masanduku ya joto usiku huu. Ukumbushe vifua vyao kupumua. Uwape wauguzi wa zamu macho yasiyolala na mikono yenye huruma. Uwape akina mama maziwa na usingizi. Uwape akina baba ujasiri wa kuingia. Wale waliozika mmoja na kumlea mwingine, uwashike kwa mikono yako miwili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, ambaye mwenyewe alilazwa mahali pasipokuwa kitanda. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Bwana awalinde.